Prosesa zinazostaafishwa: ipi ununue sasa, ipi uiache dukani

Wanunuzi wengi wa kompyuta wanaamini kwamba bidhaa ikiacha kutengenezwa bei yake itaporomoka, na mvumilivu atakula mbivu. Kwa simu ni kweli. Kwa prosesa, ubongo wa kompyuta, ni kweli kwa miezi michache tu, kisha mambo yanageuka.

Sababu iko kwenye soketi, pale prosesa inapochomekwa. Prosesa haiishi peke yake. Inakaa kwenye madabodi, bodi kuu ya kompyuta, ambayo mtu alishailipia, pamoja na memori yake. Kiwanda kikiacha kuitengeneza, wenye madabodi hizo hawapotei. Wako palepale, na wengi wao wanaitafuta prosesa ileile moja iliyo juu kuliko zote katika soketi yao, maana zaidi ya hapo itabidi wanunue kila kitu upya. Ndiyo maana i7-7700K ya Intel ya mwaka 2017 iliendelea kuulizwa bei za kuudhi miaka mingi baadaye, ilhali i3-12100 ya mwaka 2022, prosesa ya daraja la chini, inaipita.

Mfano wa karibuni ni Ryzen 7 7800X3D ya AMD, mpinzani wa Intel. Ilitoka Aprili 2023 kwa dola 449. Katikati ya 2024 maduka ya Marekani yalikuwa yanaiuza chini ya dola 400. Kufikia Oktoba mwaka huohuo mzigo ulikuwa umepungua na bei imerudi juu ya ile ya siku ya kwanza, wiki chache kabla ya mrithi wake, 9800X3D, kutoka. Waliokuwa wamekaa wakisema "mpya itoke, ya zamani ishuke" walikuta ya zamani imepanda na mpya haionekani madukani.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, prosesa ni za aina mbili. Za kawaida, zile za viini sita (sehemu sita za kupigia hesabu) ambazo kila mtu ananunua, hushuka mrithi wake akitoka, hukaa chini kwa muda, kisha huanza kupanda mzigo unapokauka. Za kileleni hazina adabu hiyo. Dirisha lake la bei nzuri huja mapema, katikati ya maisha yake, likipita limepita.

Dalili kwamba dirisha linafungwa

Intel hutoa tangazo rasmi lenye tarehe mbili: ya mwisho ya wasambazaji kuagiza, na ya mwisho ya mzigo kuondoka kiwandani. Ukisikia tarehe hizo, usikimbie dukani siku hiyohiyo. Kuna mzigo wa miezi kwenye maghala. AMD kwa kawaida huondoka kimyakimya, nawe unaligundua jambo dukani: zile za boksi zimetoweka, zimebaki za trei zisizo na feni wala waranti ya kiwanda ya miaka mitatu, au tofauti ya bei kati ya ndogo na kubwa yake imekuwa nauli ya daladala.

Kwetu kuna jambo la ziada. Mzigo mwingi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue, Nairobi, umepitia Dubai au Guangzhou, na muuzaji anapanga bei kwa alichonunulia yeye. Dubai ikishuka leo, aliyenunua ghali hawezi kushuka kesho. Lakini kinyume chake nacho kipo, na hapo ndipo pa kuvizia: dunia ikipanda, kwenye rafu ya nyuma bado kuna boksi tatu zenye vumbi kwa bei ya mwaka jana.

Memori ndiyo yenye kalenda

Siku hizi anayeangalia bei ya prosesa peke yake anapiga hesabu nusu. Mwaka 2025 viwanda vikubwa vya memori vilianza kupunguza uzalishaji wa DDR4, memori ya kizazi kilichopita, na bei yake ikaruka katikati ya mwaka. Kabla watu hawajatulia, mahitaji ya vituo vya data vya akili mnemba yakaivuta DDR5, mrithi wake, nayo juu. Desemba 2025 Micron ikatangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial, jina la memori ambalo wengi wetu tumelinunua miaka mingi. Ukiwa na vijiti viwili vya DDR4 ndani ya kompyuta yako, una mali. Usiviuze kwa haraka eti unahamia kwenye mpya.

Na hapa ndipo mpangilio wangu unapoanzia, kutoka ya kununua kwanza hadi ya kuiacha dukani.

1. Una madabodi ya AM4: nunua Ryzen 5 5600, na usisubiri

AM4 ni soketi iliyoishi kupita kawaida. Ryzen za kwanza ziliingia 2017, za mfululizo wa 5000 zikaja mwishoni mwa 2020, na mwaka 2022 AMD ikaruhusu hata madabodi za kale za A320 na B350 kuzibeba, mradi mtengenezaji wa madabodi ametoa BIOS mpya, ile programu ya kuiwashia kompyuta. Mtu mwenye Ryzen 5 1600 anaweza kuruka vizazi kadhaa kwa kubadili kipande kimoja, memori ileile, kesi ileile, pawasaplai ileile. Sijui ununuzi mwingine wa kompyuta unaorudisha fedha namna hiyo.

Kati ya zilizobaki, 5600 ndiyo ya watu wengi: viini sita, L3 (memori ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya megabaiti 32. Iliingia Aprili 2022 kwa dola 199 na imeshuka sana tangu hapo. 5700X ina viini vinane. Ichukue kama unahariri video au tofauti ya bei ni ndogo. 5500 inafanana kwa jina tu. L3 yake ni megabaiti 16, nusu ya ile ya 5600, na inaishia PCIe 3.0, njia ya zamani ya kuunganisha kadi. Kama huna kadi ya grafiki, chukua 5600G au 5600GT, maana 5600 haitoi picha yenyewe. Nimeona vijana wawili wakirudisha prosesa nzima dukani wakidai imekufa, kumbe kioo cheusi ni kwa sababu hawana kadi.

Vipi kuhusu 5800X3D na 5700X3D? Hizo ndizo za kileleni, na zote zimeshafika mwisho. 5700X3D ilitoka Januari 2024 kwa dola 249. Ukiipata iliyotumika karibu na bei hiyo na unacheza gemu, ichukue. Juu sana ya hapo, acha, unalipia uhaba.

Onyo moja limenigharimu mwenyewe. Niliuza prosesa yangu ya zamani asubuhi ili nipate fedha ya kuongezea mpya mchana. Jioni nikaichomeka, feni zikazunguka, kioo giza. BIOS ilikuwa ya 2019 na haiijui prosesa mpya, nami sina tena ya zamani ya kuiwashia. Ilibidi nimrudie yule kijana niliyemuuzia, nimwombe aniazime kwa nusu saa. Sasisha BIOS kwanza, ya zamani ikiwa bado ndani. Na kwenye madabodi zenye chipu ndogo ya BIOS, toleo jipya linaweza kuifuta ya kwako ya zamani kwenye orodha, kwa hiyo soma ukurasa wa mtengenezaji kabla hujabonyeza.

2. Huna kitu: kompyuta ya ofisi ya mtumba, kizazi cha nane kwenda juu

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi karibu Intel zote zilizo chini ya kizazi cha nane, wala Ryzen za mfululizo wa 1000. Matokeo yake Ulaya na Marekani zinatupa kompyuta nzima nzima, nazo zinatufikia sisi. Nyingi ni i5-6500, za kizazi cha sita, na zitaendelea kuwa rahisi. Ongeza kidogo upate i5-8500 ya kizazi cha nane: viini sita badala ya vinne, na Windows 11 bila ujanja. Kwa shule, duka, uhasibu na kuangalia mpira, inatosha kabisa.

Mtego wake ni huu. Kizazi cha sita, cha saba na cha nane vyote vinakaa kwenye soketi iitwayo LGA1151, prosesa inakaa vilevile, lakini i5-8400 haitawaka kwenye madabodi ya H110, ya kizazi cha sita na cha saba. Usinunue ya kizazi cha sita kwa matumaini ya kuipandisha baadaye.

3. Mpya kabisa: AM5 na Ryzen 5 7600

Hii ningeiweka ya pili kama si bei ya DDR5. AMD imeahidi kuitunza soketi hii hadi 2027 na kuendelea, kwa hiyo unayenunua leo una njia ya kupanda. 7600 ina grafiki ndogo ndani yake, inatosha kuwasha kioo, 7500F haina. Mpaka memori itulie, iwe ya mwenye haja ya sasa hivi, si ya anayetaka tu kujisikia mpya.

4. i5-12400F

Prosesa nzuri, soketi iliyofika mwisho. Soketi yake, LGA1700, ilianza 2021 ikabeba vizazi vya 12, 13 na 14, kisha Intel ikahamia LGA1851 Oktoba 2024. Inafaa kwa mwenye DDR4 mkononi asiye na madabodi, mradi ahakikishe madabodi anayonunua ni ya DDR4, kwani zipo za aina zote mbili. Herufi F maana yake haina grafiki.

5. i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14, zilizotumika

Hapa pana bei za kuvutia na sababu yake. Zilikuwa na tatizo la volti kupita kiasi lililoziharibu taratibu. Intel ilitoa marekebisho kupitia BIOS mwaka 2024 na kuongeza waranti ya zile za boksi kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia, hayaponyi. Prosesa iliyofanya kazi mwaka mzima kabla ya hapo huwezi kujua imebaki na nini. Boksi na risiti vikiwepo, zungumza. Visipokuwepo, pita.

6. Zeoni za X99 kutoka China, na i7 za kale

Hizi ni prosesa za seva: viini kumi na zaidi kwa bei ya chakula cha jioni, madabodi isiyo na BIOS mpya wala mtu wa kumuuliza. Ni mchezo wa fundi. Kuhusu i7-7700K nimeshasema.

Ukifika dukani

Za AM4 zina miguu kwenye prosesa yenyewe: igeuze, itazame pembeni dhidi ya mwanga, safu zote ziwe zimenyooka. Za Intel na AM5 miguu iko kwenye madabodi, kwa hiyo tazama huko. Ryzen PRO zilizong'olewa kwenye kompyuta za Lenovo ziogope, kwani nyingine zimefungwa zisifanye kazi kwenye madabodi ya kampuni nyingine, na kufuli hilo halifunguki. Maandishi ya juu ya bati yanaweza kufutwa na kuandikwa upya, lakini BIOS hutaja jina la kweli. Mimi huenda na madabodi yangu ndani ya boksi la viatu. Wauzaji hucheka, kisha wanasogeza kioo na waya wa umeme.