Boksi la stelingi la Land Cruiser 40: lipi ununue, lipi uliache dukani

Mwenye Land Cruiser 40 akianza kulalamika kwamba gari linatangatanga barabarani, gerejini dawa ya kwanza kutajwa ni boksi jipya la stelingi, lile boksi la gia linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi. Mara nyingi ndiyo dawa ghali kuliko zote na isiyotibu. Gari hizi zilitengenezwa Japani kuanzia 1960 hadi 1984, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imeshavuka miaka arobaini. Kila kiungo kati ya usukani na tairi kimeshalika, na mkono wako hauwezi kutofautisha kipi kinacheza na kipi kimetulia.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi, lala chini ya gari. Lisimame juu ya tairi zake, injini imezimwa, mwenzako atikise usukani kushoto na kulia taratibu. Tazama shafti inayoingia kwenye boksi na mkono unaotoka chini yake. Shafti ikizunguka na mkono ukabaki kimya, boksi lina kosa. Mkono ukienda na tairi zisijibu, ugonjwa uko mbele zaidi. Kwenye 40 mtuhumiwa wangu wa kwanza huwa senta amu, ule mhimili uliofungwa mbele ya chesisi unaopokea dragilinki (fimbo ya kusukuma) kutoka kwenye boksi na kupeleka mwendo upande wa ekseli. Bushi zake zikiisha, hata boksi lililotoka kiwandani leo halitakusaidia. Baada yake gusa kwa vidole kila tairodi endi (kiungo cha mwisho wa fimbo ya stelingi), angalia vikombe na springi za dragilinki, kisha piga jeki utikise tairi juu na chini kupima beringi za naklo (kifundo kinachogeuza tairi) na za tairi. Na bushi za springi za mbele usizisahau. Ekseli inayotembea mbele na nyuma humfanya dereva alaumu usukani bure.

Ukishajua ugonjwa, hivi ndivyo ninavyopanga machaguo.

La kwanza: boksi lako mwenyewe, lifunguliwe upya

Kwa anayetembea mjini na shambani na kutumia tairi za upana wa kawaida, hili ndilo chaguo bora. Unanunua sili, gasketi na beringi, pamoja na senta amu na tairodi endi zote kwa mpigo. Boksi la zamani la Toyota ni chuma kizito kilichochongwa vizuri. Kinachokufa mara nyingi ni sili ya chini: oili ya gia inavuja, hakuna anayeongeza, na meno yanasagana makavu. Kwa hiyo kabla ya kulifungua, fungua kizibo cha oili. Likiwa kavu au lina tope la kutu, jiandae kukuta mengi ndani. Shafti ikiwa na mashimo mahali beringi inapokaa, usiisafishe kwa msasa ukajidanganya.

Marekebisho yenyewe ni ya skrubu moja juu ya kifuniko, yenye nati ya kufungia. Ni skrubu ndogo iliyoharibu maboksi mengi. Chomoa kwanza dragilinki kwenye mkono wa boksi, ili uhisi boksi peke yake. Zungusha usukani polepole hadi mwisho wa kushoto, kisha urudi hadi mwisho wa kulia ukihesabu mizunguko. Nusu ya hesabu hiyo ndiyo katikati ya boksi, na hapo tu ndipo pa kurekebishia. Gia za ndani zimechongwa makusudi zibane zaidi zikiwa katikati na zilegee kidogo pembeni. Anayekaza skrubu usukani ukiwa umekatwa kona anaondoa ulegevu usio na madhara, halafu gari likinyooka meno yanabanana.

Legeza nati, kaza skrubu kidogo sana, chini ya robo ya mzunguko, halafu pitisha usukani katikati mara kadhaa. Ukianza kuhisi uzito mwepesi unapopita pale, umefika. Shikilia skrubu kwa bisibisi wakati unakaza nati, maana nati hupenda kuizungusha skrubu pamoja nayo na kazi yote ikaharibika bila wewe kujua. Barabarani, kata kona kwa mwendo mdogo na ulegeze mikono: usukani usiporudi wenyewe, umekaza kupita kiasi. Na ikiwa katikati pametulia lakini pembeni panakaza, meno ya katikati yameshalika. Hapo skrubu haina la kufanya tena, gia zibadilishwe.

Mimi huridhika na uchezaji wa upana wa vidole viwili ukingoni mwa usukani. Wanaotaka sifuri kwenye gari la springi za majani wanatafuta shida.

La pili: boksi la pawa, linalosaidiwa na presha ya mafuta, kutoka Land Cruiser 60

Ukiwa na tairi pana, au mabega yameanza kukukumbusha umri wako kila unapoegesha, hili linapanda hadi namba moja. Sehemu tamu ni kwamba boksi la 60 linaiondoa senta amu kabisa. Mkono wa boksi unashika fimbo inayokwenda moja kwa moja upande wa tairi, na mtuhumiwa wetu anatupwa.

Usinunue boksi tupu. Nunua ukoo mzima kutoka gari moja: boksi, mkono wake, pampu na mabano yake, chupa ya mafuta, hozi za presha na shafti ya kuunganishia. Bahati nzuri injini ni jamaa. Kati ya matoleo ya 40 na ya 60, HJ47 na HJ60 zote zina injini ya 2H, BJ42 na BJ60 zina 3B, na FJ40 za mwisho zina 2F sawa na FJ60 za mwanzo. Ukipata jozi inayolingana, suala la pampu linakuwa jepesi. Ukianza kuchanganya, kila kibano utakichonga wewe.

Kwenye maduka ya spea za mtumba, iwe Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, zungusha shafti ya boksi mwisho hadi mwisho kabla ya kutaja bei. Iende laini, isiwe na kigingi katikati. Tazama masikio ya bolti kama yana ufa. Tazama meno ya shafti ya chini, yasiwe yamepindishwa na mtu aliyetoa mkono kwa nyundo badala ya pula (kifaa cha kuvutia). Boksi lenye alama ya kuchomelewa popote, rudisha mezani hata wakikupa bure. Ukishalifunga, ni mafuta mekundu ya ATF (ya giaboksi otomatiki), si oili ya gia.

Gharama halisi, lakini, iko kwenye chesisi. Inatobolewa, na kila tundu linawekewa bomba la chuma kizito kutoka ukuta hadi ukuta, la sivyo bolti zikikazwa chesisi inabonyea na baada ya safari chache za matuta boksi linaanza kutikisika. Hii ni kazi ya mchomeleaji anayejua chesisi. Yule wa mageti na madirisha mwache aendelee na mageti yake. Na fimbo za stelingi zenyewe hazikatwi na kuungwa kwa kuchomelea. Zichongwe upya kwa urefu unaotakiwa.

Wako pia wanaofunga boksi la Hilux. Linafanya kazi, ila ni jepesi zaidi, na kwa HJ47 inayobeba mzigo silipendekezi.

La tatu: mota ya umeme kwenye nguzo ya usukani

Chesisi haiguswi, na anayetunza gari katika hali yake ya asili atalipenda. Ila lielewe vizuri: linapunguza uzito, haliponyi uchezaji. Mota inasukuma boksi lilelile la zamani, tena kwa nguvu kuliko mikono yako. Tengeneza boksi kwanza. Altaneta dhaifu pia italalamika.

La nne: boksi la mtumba la kawaida, bila pawa

Unabadilisha uchakavu unaoujua kwa usioujua. Nunua tu kama lako limepasuka, au ulichukue kwa ajili ya gia za ndani.

Lisiloguswa kabisa: la upande usio wako

Tanzania, Kenya na Uganda usukani uko kulia. Spea nyingi hutupitia Dubai, na huko usukani uko kushoto. Maboksi ya pande hizi mbili hufanana kama mtu na kivuli chake. Mimi niliuziwa moja, limepakwa rangi nyeusi inayong'aa, muuzaji akaapa kwa jina la mama yake. Fundi hakubishana. Alilibana kwenye jiriwa, akazungusha shafti kulia, akaangalia mkono umekwenda wapi. Kisha akanipeleka kwenye 60 ya mteja mwingine akageuza usukani kulia, na mkono wake ukaenda upande wa pili. Lingefungwa, ningekata kulia na gari lingeenda kushoto.

Jaribio hilo ni la dakika mbili, lifanye ukiwa bado dukani. Boksi lenyewe liko stoo kwangu hadi leo, linamsubiri mtu wa Bujumbura au Kigali mwenye usukani kushoto.