Globu za LED kwenye Probox: mwanga tele, barabara huioni

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma mkiwa mmeshasimama kwenye kaunta ya spea. Kama gari lako lilitoka kiwandani na globu za halojeni, zile za uzi unaowaka, achana na zile LED za kuchomeka zenye feni nyuma. Nunua halojeni mpya ya maana, ng'arisha vioo vya taa, funga rilei (swichi inayoipa taa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri), pima taa ukutani. Utaona barabara vizuri zaidi, na anayekuja kwa mbele naye ataiona.

Gari langu ni Probox ya zamani, inatumia globu ya H4. Napakia vipuri vya mashine za kusaga Dar, nashusha Iringa na Makambako, narudi na viazi. Mara nyingi Mikumi naipita giza limeshaingia, na Kitonga naipanda nikiwa katikati ya malori ya Tunduma. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, njia ile hailali. Anayeijua anajua kinachotisha: si taa zenyewe, ni zile sekunde mbili tatu baada ya kupishana, macho bado yana madoa, na hapo mbele kuna semitrela imekufa njiani, dereva ametandika matawi ya miti kwenye lami. Matawi hayana taa.

Sasa hizo LED. Boksi limeandikwa lumeni 20,000; lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga. Globu ya H4 ya halojeni, ile ya wati 60/55, hutoa kama lumeni 1,000 kwenye dimu (taa za chini) na 1,650 kwenye fulu (taa za mbali). Xenoni ya kiwandani, globu ya gesi isiyo na uzi, inayosifiwa miaka yote, ni 3,200 hivi. Kwa hiyo ukiona 20,000 kwenye boksi la shilingi elfu hamsini, ujue mwandishi wa boksi siku hiyo aliamka na furaha. Muuzaji wa spea wa mtaa wa Gerezani, Dar, akaniambia, "Dada, hizi ndizo zinazotoka sasa hivi, mpaka mabasi wanafunga." Hapo hakusema uongo. Mabasi hayo nakutana nayo.

Nikazifunga makusudi upande mmoja tu: kulia LED, kushoto halojeni. Baada ya magharibi nikaegesha mita 10 kutoka kwenye ukuta mweupe wa ghala, nikawasha dimu. Hapo hauhitaji mtaalamu. Mwanga wa halojeni una mstari: chini kweupe, juu giza, na kushoto mstari unapanda kidogo ili uone ukingo wa barabara na mtu anayetembea pembeni. Upande wa LED mstari umevurugika. Kuna doa kali juu kabisa ya pale halojeni ilipoacha giza, na miale mingine imepanda mpaka kwenye bati. Doa hilo ndilo linaloingia machoni mwa mwenzako.

Fundi umeme wangu akanifungulia H4 ya zamani nione sababu. Ndani kuna nyuzi mbili. Ule wa dimu umekaa juu ya kikombe kidogo cha chuma, nacho kinauzuia mwanga usigonge nusu ya chini ya rifrekta, lile bakuli linalong'aa nyuma ya globu. Bila kikombe, mwanga huo ungerushwa juu. Bakuli zima limechongwa kwa hesabu ya uzi mwembamba ulioko mahali pake hasa, unaotoa mwanga pande zote. LED ya kuchomeka inaleta vipande bapa vilivyobandikwa pande mbili za ubao, na kosa la milimita moja mle ndani, likifika mita 50 mbele, ni urefu wa mtu.

Na zinakudanganya wewe mwenyewe pia. Karibu na boneti panakuwa peupe kama uwanja wa mpira, mboni za macho zinasinyaa, na kule mbali, anakotokea tembo wa Mikumi, unaona kidogo kuliko mwanzo. Kwenye ukungu wa Mafinga weupe wote ulinirudia usoni, nikazima upande ule nikaenda na jicho moja. Kibaya kingine: feni ya nyuma inazuia raba ya vumbi isikae sawasawa, kwa hiyo taa inaanza kumeza vumbi la njia. Nazipa mbili kwa kumi, na hizo mbili ni kwa sababu zinakula umeme mdogo.

Sisemi LED kama LED ni mbaya. Za kiwandani, zilizotengenezewa lenzi yake, ni kitu kingine kabisa. Lexus LS 600h ilianza kuuzwa na dimu ya LED mwaka 2007, na mwaka 2013 Audi A8 ikaleta zile za matriksi: taa ndogondogo nyingi, kamera inamwona anayekuja, inazima zile tu zinazomlenga, nyingine zinabaki fulu. Marekani wenyewe waliziruhusu mwaka 2022. Nimekaa kiti cha mbele kwenye gari la mteja lenye taa hizo, tukitoka Iringa usiku. Kivuli kinalifuata lori mpaka linapita, pembeni kote kweupe, hata majani ya mahindi unayahesabu. Nilitamani. Ila kamera inatafuta taa. Mwenye baiskeli isiyo na taa anakula fulu yote usoni, na wa namna hiyo kwetu ni wengi.

Xenoni kwa kifupi: ikiwa ya kiwandani, kama kwenye Crown, yenye projekta (lenzi ya duara inayouelekeza mwanga) na kifaa kinachoshusha taa chenyewe gari likibeba mzigo, ni nzuri. Sheria za Ulaya zinadai kifaa hicho pamoja na vinyunyizio vya kusafishia kioo kwa globu yenye zaidi ya lumeni 2,000, na si bure, maana tope likikaa kwenye kioo linatawanya mwanga kila upande. Xenoni ya kufungiwa mtaani kwenye bakuli la halojeni ina ugonjwa uleule wa LED za kuchomeka.

Kilichonifaa ni rilei. Halojeni ni nyeti kwa umeme: volti zikipungua asilimia 10, mwanga unashuka kama asilimia 30. Gari la miaka mingi waya zake zimechoka. Fundi alipima, injini ikinguruma betri ilikuwa 13.8, kwenye soketi ya globu zilikuwa zinafika 12 na kidogo. Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri, na fyuzi yake, na rilei mbili. Taa zikabadilika palepale, globu zilezile. Msikubali mtu awape globu za wati 100/90 badala ya kazi hiyo, zinayeyusha soketi.

Vioo vilikuwa vya njano, plastiki imeungua na jua. Msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, polishi, halafu rangi angavu ya kukinga jua juu yake. Dawa ya meno inafanya kazi wiki chache tu.

Kupima ni kwenye ukuta uleule: mita 10, mstari wa dimu uwe sentimita 10 chini ya katikati ya globu. Pima gari likiwa na mzigo unaoubeba siku zote. Hili watu wanalisahau kuliko yote. Magunia ya viazi yanakandamiza nyuma, pua inanyanyuka, dimu yako inakuwa fulu ya mwenzako. Kama kuna kile kigurudumu cha namba karibu na usukani, kizungushe mpaka taa zishuke. Nusu ya ninaowalaani njiani naamini si wakorofi, ni mizigo tu. Halafu magari ya Dubai: kule wanaendesha kulia, kwa hiyo ule mstari unaopanda unapanda kulia, machoni mwetu. Ya Japani hayana tatizo hilo, wanaendesha kushoto kama sisi.

Zile LED nilizirudisha Gerezani. Hela muuzaji hakunipa. Alinipa wipa mbili na globu za indiketa, zile LED akazirudisha kwenye shelfu.