Uzoefu wangu na Blender 4.2 kwa kurenda ramani za nyumba: injini imara, mlango wa CAD mgumu

Kwa anayechora nyumba kwenye programu ya CAD (uchoraji wa kihandisi kwa kompyuta) na anataka kurenda, yaani kuigeuza modeli kuwa picha ya kumwonyesha mteja, naipa Blender 4.2, programu ya 3D, alama za juu kwa ubora wa picha na alama za chini kwa namna inavyopokea modeli. Ni ya bure hata kwa kazi ya biashara, na haigongi mhuri wowote juu ya picha. Injini yake, Cycles, hufuatilia mwale wa mwanga unavyogonga ukuta na kurudi, kwa hiyo vivuli na mwanga wa ndani huja vyenyewe bila kudanganya. Lakini picha nyingi mbaya za Cycles huwa zimeshaharibika kabla jua halijawekwa. Huharibika pale faili linapoingizwa.

Blender haifungui mafaili ya CAD ya DWG, STEP wala SKP moja kwa moja. Nyumba ikichorwa kwa mfumo wa BIM (mchoro unaobeba pia taarifa za kila sehemu ya jengo), toa faili la IFC uliingize kwa nyongeza inayoitwa Bonsai. Kutoka FreeCAD, programu ya CAD, mimi hutoa faili la OBJ. Faili la STL silipendi: hubeba pembetatu tupu bila rangi wala materiali, na kuta, fremu na bati zikitolewa pamoja huingia kama donge moja. Wakati wa kutoa, usiache ukadiriaji wa mikunjo (kiasi ambacho pembetatu zinaweza kupotoka kutoka mkunjo halisi) kwenye milimita 0.1, hiyo ni ya vipuri vya mashine. Kwa nyumba milimita 1 inatosha: nguzo ya kipenyo cha sentimita 30 hupata pande kama 27, na ukiilainisha kwa "Smooth by Angle" ya nyuzi 30 haionekani kona hata moja. Ukibana zaidi ya hapo, sinki na mabomba peke yake yatazaa mamilioni ya pembetatu.

Kwenye dirisha la kuingiza OBJ kuna mambo mawili ya kubadilisha. FreeCAD huhesabu Z kuwa juu, ilhali OBJ ya Blender hutarajia Y, kwa hiyo nyumba hulala chali. Weka "Forward" Y na "Up" Z. Pili, CAD inafanya kazi kwa milimita, Blender kwa mita. Weka "Scale" 0.001, la sivyo nyumba ya mita 12 itakuwa ya kilomita 12, taa ya wati 100 haitaangaza hata pembe moja ya sebule, na nusu ya modeli itakatwa na kamera. Hakiki kwa kubonyeza N na kusoma vipimo vya mlango: viwe karibu mita 2.1. Kisha Ctrl+A, "Scale", ili vipimo vya tekscha (picha za kuvalisha nyuso) visije kupotoka baadaye.

Bado kuna madoa meusi. Yakitokea ukutani au sakafuni, karibu kila mara ni nyuso mbili zilizolala mahali pamoja, mfano vigae vilivyochorwa usawa uleule na zege. Inua vigae milimita 2, madoa yanaondoka. Washa pia "Face Orientation": nyuso za nje ziwe za bluu. Nyekundu, yaani uso uliogeuka nyuma mbele, kwenye ukuta haina madhara makubwa, lakini kwenye kioo huvuruga jinsi mwanga unavyopinda, na dirisha linatoka kama bonge la barafu.

Tekscha nazo hazihitaji kufunguliwa uso kwa uso. Modeli ya CAD huingia bila ramani ya UV (inayoelekeza picha ilale vipi juu ya uso) yenye maana, basi tumia viwianishi vya "Object", kisha kwenye picha chagua "Box" na mchanganyiko wa 0.2. Kama picha ya vigae imebeba vigae 4 kwa 4 vya sentimita 60, inafunika mita 2.4, hivyo kipimo ni 1 gawanya kwa 2.4, yaani 0.417. Picha za ukwaruzo na za matuta, ambazo hubeba vipimo si rangi, ziwekwe "Non-Color". Zikiachwa kama picha za rangi, plasta hung'aa isivyostahili.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni jua. Nyongeza ya Sun Position huomba latitudo, longitudo, tarehe na saa, na inaweza kuliendesha jua la anga la Blender, "Sky Texture". Mafunzo mengi yametengenezwa Ulaya, ambako jua la adhuhuri huwa kusini daima, na watu huiga hivyo hivyo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Tarehe 21 Juni adhuhuri jua liko kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Tarehe 21 Desemba liko kusini, nyuzi 73. Paa lililotokeza sentimita 60 hutia kivuli cha kama mita 1 kwenye ukuta wa kaskazini mwezi Juni, na mita 2 kwenye ukuta wa kusini mwezi Desemba. Mteja akiuliza kama dirisha la chumba litachomwa na jua, picha ya namna hii inamjibu kweli. Weka ukanda wa saa kuwa 3 (UTC+3) na uelekeze kaskazini ya modeli sawasawa na ramani ya kiwanja. Anga hilo ni kali mno kwa kawaida yake. Anza na nguvu ya 0.1 hadi 0.2.

Sebule ikitoka giza licha ya jua kali nje, angalia vioo kabla ya kuongeza taa. Materiali ya kioo huzuia miale ya kivuli (inayopima kama mwanga unafika mahali), na mwanga unaopita humo Cycles huupata kwa bahati tu, ndiyo maana chenga (nukta nukta kwenye picha) hujaa. Dawa: changanya "Glass" na "Transparent" kwa kutumia "Is Shadow Ray" ya nodi (kisanduku cha kuunganisha materiali) ya "Light Path". Baada ya hapo pandisha midundo ya "Diffuse" (mara ambazo mwanga unadunda ukutani) kutoka 4 hadi 8 kwa picha za ndani.

Kuhusu chenga zenyewe, kuzipunguza kwa nusu kunadai sampuli (miale inayopigwa kwa kila pikseli) mara 4, kwa hiyo usikimbilie 4096 iliyowekwa tayari. Mimi hutumia "Noise Threshold" (kiwango cha chenga cha kusimamia) ya 0.03, kikomo cha sampuli 512 kwa nje na 1500 kwa ndani, kisha OpenImageDenoise, kisafishaji cha chenga. Ukishusha sampuli sana, kisafishaji kinalamba mistari ya bati na nyuzi za pazia. Nukta nyeupe zinazomulika hupungua ukishusha "Clamp Indirect" (kikomo cha mwanga uliodunda) kutoka 10 hadi 4.

Rangi ya ukuta hailingani na kadi ya duka la rangi? AgX, mfumo wa kuonyesha rangi uliowekwa tayari, hufifiza rangi kali ili mwanga mkali usiungue. Kwa picha ya kuchagua rangi tumia badala yake mfumo wa Khronos PBR Neutral, ulioingia toleo hili la 4.2.

Kadi ya picha ya GB 4 inatosha ukiiheshimu. Tekscha moja ya pikseli 4096 kwa 4096 hula takriban MB 64. Ukiwa na 30 umeshakaribia GB 2. Miti nakili kwa Alt+D, si Shift+D, ili yote itumie umbo moja kwenye kumbukumbu. Na kuichagua kadi kwenye "Preferences" hakutoshi: pale kwenye mipangilio ya kurenda nako weka "GPU Compute", vinginevyo prosesa ndiyo itakayofanya kazi yote peke yake.

Kwa kuchapisha A3 kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 andaa pikseli 4961 kwa 3508. Video ya kuzunguka nyumba usiirende kuwa faili moja la video: toa picha za PNG moja moja, ondoa tiki ya "Overwrite", weka ya "Placeholders" (huweka PNG tupu kwa fremu inayoanza). Umeme ukikatika kwenye fremu ya 180, futa ile PNG tupu ya mwisho, bonyeza Ctrl+F12, na kazi inaendelea pale ilipoachia.