Usukani wa baiskeli wa kaboni unateleza: upake pesti au uongeze kukaza?

Gurudumu likiingia shimoni tu, usukani unazunguka unaangalia chini. Wengi wanakimbilia spana, wanaongeza nguvu kwenye bolti za stemu (kile kipande kinachoubana usukani kwenye baiskeli) mpaka zinalia. Kweli unaweza ukashika kwa muda, lakini kaboni si chuma jamani, haibonyei ikakuonyesha, nyuzi zinapasuka kwa ndani na nje unaona rangi iko safi kabisa, halafu siku moja unakukatikia mkononi ukiwa kwenye mteremko. Hiyo ndo inanifanya niikatae hii njia.

Pesti ya kaboni sasa, ukiisugua kati ya vidole unasikia kama mchanga mchanga, hizo chembe ndo zinang'ata pale stemu inaposhika usukani, kwa hiyo nguvu ndogo inatosha. Ila usipake juu ya uchafu! Fungua, futa grisi yote kwa spiriti, kwenye usukani na ndani ya stemu, acha ikauke, paka kidogo tu, halafu kaza bolti kwa kukingamisha, zamu kwa zamu, mwanya wa juu na wa chini kati ya kifuniko cha stemu na stemu yenyewe ulingane (stemu nyingine zinataka wa juu ufungwe kabisa, soma maelekezo yake). Spana ya kupimia nguvu ni lazima, stemu nyingi zimeandikwa 5 Nm hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na kama usukani wenyewe umeandikwa namba ndogo zaidi fuata hiyo ndogo.

Bado unateleza hata na pesti? Pima kipenyo, usukani wa 31.8 mm kwenye stemu ya 35 mm hautashika hata ufanyeje.