Kitabu cha hadithi za utekaji kinachouzwa Soko Kuu Arusha: kizuri sana, ila kuna sehemu mwandishi katuangusha

Kuna kitabu cha hadithi fupi za kutisha kinazunguka sana Arusha sahivi, hadithi 11 zote ni za utekaji, jalada jeusi lina picha ya gari aina ya Noah mlango uko wazi nusu, wauza vitabu wa pembeni ya Soko Kuu wanakitoa kwa elfu nane na ukibembeleza unapewa kwa saba. Mwandishi alianza kuzirusha hizi hadithi WhatsApp, zile za "inaendelea kesho" unalipia buku ndo unawekwa kwenye grupu, afu baadae akazikusanya akachapisha. Nimekisoma chote, nyingine nimerudia, na kwa kuwa naona watu wanakisifia tu "kinatisha balaa" bila kusema kina nini ndani, naomba mi niseme kwa kirefu kidogo.

Nianze na iliyo bora kuliko zote, ya pili. Mtoto wa darasa la tatu anapandishwa bodaboda Sakina na dereva anayemjua, yule yule anayempelekaga shule kila siku, ndo maana hata hapigi kelele. Mbele kidogo anafungwa kitambaa machoni, na yeye kwa akili yake ya kitoto anaanza kuhesabu matuta, lami inaisha wanaingia vumbi, anasikia harufu ya ng'ombe, anajiambia hapa tumeshafika Ngaramtoni. Anafungiwa chumbani. Jioni inaingia, adhana inalia, na ile sauti ya muadhini anaijua, ni wa msikiti wa nyuma ya kwao! Kumbe jamaa kamzungusha weee akamrudisha mtaani kwao. Afu linapita gari la matangazo, spika inataja jina lake na rangi ya sweta aliyovaa, na nyuma ya mtangazaji anasikia mama yake analia, na yeye mdomoni kajazwa kitambaa. Damu hakuna hata tone, panga hakuna, mtekaji mwenyewe kwenye hiyo hadithi anaongea mara mbili tu na zote anaongea kwa upole, na mimi ilibidi nifunge kitabu niende nikakae na watu sebuleni.

Ya wakala nayo nimeipenda sana. Mama wa Moshi, anakaa Pasua, mtoto wake kachukuliwa, anapigiwa simu atume milioni mbili kwenye namba fulani. Anaenda kwa wakala anaweka hela, anaanza kutuma mwenyewe, sa si mnajua ukishaingiza namba kabla ya kuweka PIN jina la mwenye laini linakuja? Jina linalokuja ni la mdogo wake aliyezikwa 2016. Anafuta, anaingiza tena namba moja moja, linakuja lile lile. Na hapo mwandishi kacheza na kitu kimoja ambacho kila Mtanzania anakielewa bila kufafanuliwa: usajili wa laini kwa alama za vidole umeanza 2019. Sasa vidole vya nani vimewekwa pale? Ukurasa mzima yule mama amesimama dirishani kwa wakala, nyuma foleni inamlalamikia, PIN hajaweka. Ndo hapo unajua kumbe mdogo wake hakufa, alichukuliwa msukule, na aliyemficha miaka yote ni baba mkubwa wao ambaye ndo huyo huyo aliyesimamia msiba. Uchawi upo ndani lakini anayekutisha ni baba mkubwa, anavyokaa kwenye kiti anakunywa chai anawapa watu pole.

Nasisitiza hilo la binadamu kwa sababu sisi huku utekaji sio stori ya kubuni. Mwaka 2017 hapa hapa Arusha watoto walitekwa, wazazi wakaachiwa barua za kudai hela, wawili wakakutwa wamefariki kwenye shimo. Mwanzoni mwa 2019 ikawa Njombe, watoto wakachukuliwa na kuuawa, ikahusishwa na imani za kishirikina. Mwaka ule wa 2017 mtaani kwetu wazazi tulikuwa tunapokezana kuwasindikiza watoto shule, mtoto akichelewa dakika kumi unahisi moyo unatoka. Kwahiyo mtu akiniandikia kitabu cha utekaji akakiuza Arusha namuomba tu kitu kimoja, asinidanganye kuhusu nani anateka.

Na hapo ndo naileta ile hadithi ya Noah, ambayo ndo ipo kwenye jalada na ndo ndefu kuliko zote. Inaanza vizuri mno. Tajiri anatekwa alfajiri anaenda mazoezini, ukisoma lazima ukumbuke Mo Dewji alivyotekwa Oktoba 2018 pale hotelini Oysterbay, nchi nzima tukashinda kwenye simu mpaka alipopatikana tarehe 20 viwanja vya Gymkhana. Mwandishi anatuonyesha mlinzi anayejifanya hajaona, dereva wa teksi anayeulizwa namba za gari anasema kulikuwa na giza, mke anayeambiwa kaa kimya, yaani unaona hofu inavyopita kutoka mtu hadi mtu na kila mmoja ana sababu yake ya kunyamaza. Nikasema hii ndo hadithi yenyewe. Afu kurasa tatu za mwisho waliokuwa ndani ya Noah wanageuka majini, miguu ya kwato, wanapotelea kwenye msitu wa Rau, kwisha. Jamani! Yule mlinzi aliyenyamaza tumemuacha wapi? Mke je? Ukishasema ni jini kila aliyejificha kwenye ile hadithi umempa ruhusa ya kwenda kulala. Mi sipingi majini kwenye hadithi, nimekua nayo, ila hapa yameletwa kufunika kitu ambacho mwandishi alishakishika mkononi kabisa.

Kuna nyingine imeniumiza kwa namna tofauti, ya mtoto mwenye ualbino anayetekwa kwa ajili ya mganga. Hadithi nzima tunakaa kichwani kwa mganga, tunajua anawaza nini, anadaiwa na nani, mke wake kamkimbia, ila mtoto hana jina, haongei, kazi yake ni kulia na kukatwa. Kwenye nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa kweli, familia zimekesha mlangoni, huwezi kumfanya mtoto awe kama kifaa cha kumtisha msomaji. Mwandishi huyu huyu alimpa yule wa Sakina akili, masikio, hesabu zake za matuta. Huyu kamnyima nini? Kama kuna toleo la pili naomba aiandike upya au aitoe.

Ya mumiani imekaa vizuri, babu anasimulia enzi za mkoloni Moshi watu walivyoamini kuna wanaoteka wenzao usiku wakawanyonye damu itengenezwe dawa, hadi gari la zimamoto likipita watu wanakimbilia migombani, na kwa wazee wetu hiyo hofu ilikuwepo kweli. Na ile ngano tuliyosimuliwa wote ya msichana aliyerudi peke yake kuchukua kombe lake la baharini ufukweni zimwi likamtia kwenye ngoma akawa anaimba humo ndani, ameigeuza ngoma ikawa spika ya baa Majengo, wateja wanacheza huku wanasifia sauti. Fupi, kurasa nne, imenyooka. Zilizobaki ni za kawaida, mapanga, damu, mabanda ya gizani, mbili kati yake zinafanana mpaka nikadhani nimerudia.

Uchapaji sasa. Mchapaji kawaangusha, maandishi madogo, karatasi nyepesi unaona ya nyuma, na nakala yangu kurasa za ile ya wakala zimerudiwa mara mbili halafu zingine nne hazipo kabisa, ikabidi niazime ya jirani nimalizie. Pia majina yanabadilika katikati, mtu anaanza kuitwa Neema anamaliza Naomi. Mhariri mmoja makini angeyaona yote hayo.

Afu kingine wauzaji mnisikie, nasema kwa nia njema. Nimeona kinapangwa pamoja na madaftari na vitabu vya hadithi za watoto kwa sababu tu ni chembamba na kina neno "hadithi" juu. Hiki sio cha watoto wa msingi, cha mtu mzima au basi kijana wa sekondari aliyekomaa, kiandikwe kabisa kwenye jalada. Na ningependa mwandishi aweke ukurasa wa mwisho namba 116, ile ya huduma kwa mtoto ambayo unapiga bure, maana mtu akimaliza ile ya Sakina kitu cha kwanza anachowaza ni nani nimpigie nikiona kitu sikielewi mtaani. Nafasi ipo, kuna kurasa mbili nyeupe kabisa mwishoni.

Mi nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na ile ya Sakina na ya wakala peke yake zinalipa hiyo elfu nane. Ukienda kununua kifungue hapo hapo kabla hujatoa hela, angalia ukurasa wa 61 mpaka 76 kama zipo zote na zimefuatana, kama hazipo mwambie akupe nakala nyingine, wengi wanabadilisha bila shida.