Gari la Kwanza la Siku ya Mashindano ya Sloti: Mwongozo wa Kununua

Mtu anayejiandaa kushiriki kwa mara ya kwanza siku ya mashindano ya klabu ya magari ya sloti, yaani yale magari madogo ya umeme ambayo kila moja huongozwa na ulimi uliozama katika mfereji wa njia, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni gari lipi lenye kasi kuliko mengine. Swali hilo linaeleweka, lakini humfanya anunue gari linalomfaa dereva mwingine, aliyekwisha kuzoea. Hapa magari yamepangwa kwa vigezo viwili: mizunguko ambayo gari litakamilisha likiendeshwa na mtu anayejifunza, kuanzia zamu ya kwanza hadi ya mwisho, na wepesi wa kulitengeneza mezani likipata hitilafu.

Sababu ya vigezo hivyo imo katika namna siku yenyewe inavyoendeshwa. Katika klabu nyingi kila mshiriki hukimbia katika kila leni kwa muda uliowekwa, na mshindi ni yule aliyekusanya mizunguko mingi zaidi katika leni zote. Wasio na zamu ya kuendesha husimama kwenye kona ili kuyarudisha mferejini magari yaliyochomoka. Tuchukue mfano wa njia yenye leni 6, zamu ya dakika 3 kwa kila leni, na mzunguko unaochukua sekunde 9. Katika zamu moja gari hutimiza mizunguko 20. Gari linalowahi kwa sekunde 0.2 katika kila mzunguko litakuwa limejipatia sekunde 4 zamu inapoisha, na sekunde hizo zote zinaweza kupotea katika ajali moja, kwa kuwa msimamizi wa kona lazima alione gari, alifikie, aliokote na kulipachika likiwa limeelekea upande unaofaa. Aidha, gari hilo hilo litafanya kazi kwa jumla ya dakika 18, kwa hiyo gia iliyokaa vibaya au skrubu iliyolegea, ambayo haikuonekana katika majaribio mafupi ya nyumbani, itajitokeza mbele ya washindani wote.

Kabla ya kulipa chochote, mnunuzi asome kanuni za klabu anayotaka kujiunga nayo, au amuulize msimamizi wa mashindano ana kwa ana. Mambo ya kuuliza ni kipimo cha magari (1:32, kwa mfano, ni gari lililopunguzwa mara 32 kutoka lile la kweli), madaraja yanayokimbizwa, volti za njia, matairi yanayoruhusiwa, kama magari hutumia chipu za kidijitali au la, na zaidi ya yote, habari ya sumaku. Magari mengi ya dukani huja na sumaku chini ya chesisi. Sumaku hiyo huvutwa na reli za chuma za njia ya plastiki na kulibana gari chini, hata kona ikachukuliwa kwa kasi isiyo ya kawaida. Kwenye njia ya mbao yenye utepe wa shaba haivutwi na chochote, na klabu nyingi huiondoa hata kwenye njia za plastiki ili ustadi wa dereva uonekane. Gari lililoundwa kwa kutegemea sumaku, likiondolewa sumaku hiyo, huwa gari jingine kabisa. Mpangilio ufuatao unachukulia kwamba klabu inakimbiza magari yasiyo na sumaku, kwa kuwa hapo ndipo uchaguzi mbaya unapoumiza zaidi.

Nafasi ya kwanza: gari la kipimo cha 1:32 lenye mota iliyolala kwa urefu, la namna ya Slot.it

Kampuni ya Slot.it ya Italia imetengeneza kwa miaka mingi mifano ya magari ya daraja la mbio ndefu liitwalo Group C, kama vile Porsche 956, Lancia LC2, Sauber C9 na Mazda 787B, na ni vigumu kupata kundi jingine la magari linalomfaa mgeni kuliko hilo. Bodi zake ni pana na za chini, kwa hiyo uzito unakaa karibu na njia. Mota imelala kwa urefu katikati ya chesisi, mhimili wake ukielekea nyuma, na uzito wake umegawanyika sawa kati ya kushoto na kulia. Gari linapoanza kuteleza nyuma, huteleza polepole, na dereva anapata muda wa kuachia kifyatulio, yaani sehemu ya kidhibiti cha mkononi inayobanwa ili kuongeza mwendo, kabla ulimi haujatoka mferejini. Muda huo mdogo wa onyo ndio mwalimu bora ambao dereva mpya anaweza kuununua.

Jambo la pili linaloliweka gari hili juu ni ujenzi wake. Mota na ekseli ya nyuma zimebebwa na fremu ndogo iliyotengana na chesisi na kushikwa kwa skrubu. Skrubu hizo zikilegezwa kidogo, robo hadi nusu mzunguko, fremu hupata uhuru wa kutikisika bila kuitikisa bodi, na mitetemo ya njia haifiki kwenye ulimi. Marekebisho hayo hayahitaji kununua kitu chochote, na mara nyingi ndiyo yanayobadilisha gari la kurukaruka kuwa gari tulivu. Halafu kuna vipuri: gia, rimu, bushi (vishikio ambamo ekseli huzunguka), ekseli, ulimi, fremu na mota zote huuzwa moja moja, na nyingi huingiliana kutoka mfano mmoja hadi mwingine. Mnunuzi anayetaka kubadilisha uwiano wa gia anafanya hivyo kwa alenki ndogo na uvumilivu. Gia ndogo ya meno 9 ikizungusha gia kubwa ya meno 27, mota huzunguka mara 3 kwa kila mzunguko mmoja wa ekseli. Gia kubwa ikiongezwa meno, gari huondoka kwa nguvu zaidi na kupungua kasi ya juu, jambo linalofaa katika njia yenye kona nyingi.

Kasoro zipo. Gia hizi zinazokutana kwa pembe hupiga kelele na kulika upesi zisipokaribishwa kwa kipimo sahihi, na ulimi unaokuja na gari hukatwa kwa kina cha njia ya plastiki. Kwa njia ya mbao, ambayo mfereji wake ni wa kina zaidi, mnunuzi anunue ulimi mrefu siku hiyo hiyo anayonunua gari.

Nafasi ya pili: gari la GT (mfano wa gari la mbio linalotokana na gari la barabarani) lenye mota ya mshazari, la namna ya NSR

NSR nayo ni ya Italia, na magari yake, kama Mosler MT900R na Corvette C6R, yanaonekana kwenye meza za mashindano kwa sababu nzuri: yanatoka kwenye kisanduku yakiwa karibu tayari kushindana. Mota imewekwa mshazari, hivyo uzito mwingi uko nyuma karibu na ekseli na mshiko wa matairi ni mkubwa. Mota zake nyingi huzidi mizunguko 20,000 kwa dakika kwa volti 12, na breki yake ni kali.

Ukali huo ndio unaoliteremsha gari hili hadi nafasi ya pili. Linaposhika, linashika sana; linapoachia, linaachia ghafla, na mkono usiozoea haupati onyo. Hata hivyo, mtu anayejiunga na klabu ambayo daraja lake kuu ni la GT asisite kulinunua, na fedha iliyobaki aitumie kwenye kidhibiti kinachoweza kupunguza ukali huo, kama inavyoelezwa hapa chini.

Nafasi ya tatu: magari ya Scalextric na Carrera

Haya ndiyo majina ambayo watu wengi wanayajua. Scalextric ilianza Uingereza mwaka 1957, na Carrera ilianza Ujerumani mwaka 1963. Magari yao yanapatikana kwa urahisi, yamepakwa rangi kwa uangalifu, na kwa mchezo wa familia sebuleni hayana mpinzani. Kwa siku ya mashindano bila sumaku yanahitaji kazi kabla hayajawa ya kutegemewa: sumaku itolewe, mota ibanwe vizuri isichezecheze katika kikao chake, matairi yasagwe yawe duara kamili au yabadilishwe, na vipande vidogo vya madini ya risasi vibandikwe chini ya chesisi ili kurudisha sehemu ya utulivu uliopotea, ikiwa kanuni zinaruhusu. Mtu anayependa kazi ya mikono atajifunza mengi hapa. Anayetaka kukimbia Jumamosi hii atachoka mapema.

Mpangilio hubadilika iwapo klabu ina daraja la magari kama yalivyotoka dukani, sumaku ikiwemo. Hapo gari la Scalextric lenye mota ya kawaida ya mizunguko 18,000 kwa dakika ni ununuzi wa busara kuliko magari yote yaliyotajwa juu, ambayo huenda yasiruhusiwe kabisa.

Nafasi ya nne: kipimo cha 1:24

Magari makubwa ya BRM na Scaleauto ni raha kuyatazama na raha zaidi kuyaendesha. Uzito wao unaufanya mwendo uonekane wa kweli, na mtu mwenye macho yaliyoanza kuchoka huyafuata kwa urahisi hadi upande wa mbali wa njia. Lakini gari zito likitoka mferejini hugonga kwa nguvu na huweza kuharibu gari la leni ya jirani, vipuri vyake ni ghali zaidi, na mara nyingi hukimbizwa katika klabu zenye njia ya mbao na leni zilizoachana vya kutosha. Ni gari la pili, la mtu ambaye tayari amejua klabu yake.

Nafasi ya tano: HO

Magari ya HO, kipimo kidogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, kama yale ya AFX, ni madogo kiasi cha kufichika katika kiganja, hutumia volti za juu kuliko zile 12 za kipimo cha 1:32, na yale yenye sumaku kali hupita kona kwa kasi ambayo jicho geni haliwezi kuifuata. Ni ulimwengu wenye njia, vidhibiti na kanuni zake. Anayeishi karibu na klabu ya HO ainunue bila wasiwasi. Vipuri vyake haviwezi kuhamishiwa kwenye gari la 1:32.

Kidhibiti cha mkononi

Hapa ndipo ninapowasihi wanunuzi wasibane matumizi. Magari hubadilika kila daraja linapobadilika, lakini kidhibiti kizuri hubaki na mtu kwa miaka, na mara nyingi gari la kawaida lenye kidhibiti kizuri humaliza mbele ya gari bora lenye kidhibiti kibovu. Kidhibiti cha rezista, kama vile vya Parma, ni imara na rahisi kutengeneza. Huchaguliwa kwa omu zake, yaani kiasi kinachozuia umeme kupita: mota yenye nguvu huhitaji omu chache na mota dhaifu huhitaji omu nyingi, na kwa magari mengi ya 1:32 kile cha omu 45 ni mahali pazuri pa kuanzia. Udhaifu wake ni kwamba kimefungwa kwenye tabia moja. Ukibadilisha gari, hisia ya kifyatulio nayo hubadilika.

Kidhibiti cha kielektroniki kina vifundo vya kurekebisha wepesi wa kuitikia na nguvu ya breki. Breki katika magari haya hutokea pale kifyatulio kinapoachiwa: nyaya mbili za mota huunganishwa kupitia kidhibiti, mota hugeuka kuwa jenereta inayojizuia yenyewe, na gari hupunguza mwendo. Uwezo wa kupunguza breki hiyo ndio unaomwezesha mgeni kuendesha gari kali la NSR bila kuchomoka kila kona. Kwa hiyo nakiweka cha kielektroniki mbele ya kile cha rezista, kwa sharti moja: baadhi yake hufanya kazi kwenye njia yenye mpangilio mmoja tu wa chanya na hasi, na plagi hutofautiana kati ya klabu na klabu. Yote mawili yaulizwe kabla ya kununua, kwa sababu kidhibiti kisichooana na meza ya klabu hakitamfaa mtu siku hiyo.

Gari lililotumika

Gari la mkono wa pili kutoka kwa mwanachama wa klabu ile ile ni chaguo zuri sana, pengine kuliko jipya, kwa kuwa limekwisha kurekebishwa kwa njia hiyo hiyo. Ligeuzwe, chesisi ilazwe juu ya kioo ili kuona kama imepinda, ekseli izungushwe kwa kidole, na nguzo ndogo za plastiki zinazopokea skrubu za bodi zichunguzwe kama zina nyufa. Mota inayonuka kuungua iachwe.

Matairi na vitu vidogo

Matairi ya mpira hufaa njia ya plastiki. Kwenye mbao iliyopakwa rangi, matairi ya yurethani, aina ya plastiki laini, mara nyingi hushika vizuri zaidi. Silikoni hushika sana kwenye njia safi, lakini baadhi ya klabu huikataza, kwa hiyo isinunuliwe kwa kubahatisha. Jozi mbili za matairi ya nyuma zinatosha kuanzia, pamoja na misuko ya shaba ya akiba kwa ajili ya ulimi, ile inayopokea umeme kutoka njiani, alenki inayolingana na skrubu za gia na rimu, bisibisi ndogo, mafuta mepesi ya bushi na utepe wa kunata wa kufutia vumbi kwenye matairi kati ya zamu moja na nyingine. Mota ya akiba inaweza kusubiri hadi baada ya mashindano ya kwanza, wakati mnunuzi atakapokuwa ameona ni mota ipi inayoruhusiwa kwenye meza ya ukaguzi na ni ipi inayorudishwa.