Project Implicit: kipimo cha bure kwa kila anayehudumia watu

Huduma ninayoizungumzia haina duka wala risiti. Ni tovuti ya Project Implicit, inayompa yeyote mwenye intaneti kipimo cha kuona akili yake inaelemea wapi anapokutana na watu wa aina fulani: wazee na vijana, weusi na weupe, wanene na wembamba. Mimi nasimamia mapokezi ya zahanati moja Dar es Salaam, na nilichagua kipimo cha umri.

Sababu yangu ni jambo ninaloliona dirishani karibu kila siku, na linaniuma. Bibi anaingia ameshikwa mkono na mjukuu. Mhudumu anamwamkia shikamoo ya heshima kabisa, bibi anaitikia marahaba. Halafu mhudumu anamgeukia mjukuu: "Bibi anaumwa nini? Ana miaka mingapi? Dawa za presha anameza?" Bibi yupo palepale, masikio mazima, na anajua kuliko mtu yeyote goti lilianza kumsumbua lini. Akijibu mwenyewe, jibu lake linangoja mjukuu aitikie kwa kichwa ndipo liandikwe. Muulize mhudumu kama anadharau wazee, atakuambia hapana, na atakuwa anasema kweli anavyojijua. Nilitaka kuelewa inakuwaje heshima ikae mdomoni hivyo na mkono ufanye mengine.

Kipimo chenyewe kilitangazwa mwaka 1998 na mwanasaikolojia Anthony Greenwald na wenzake, na mwaka huohuo yeye, Mahzarin Banaji na Brian Nosek wakakiweka kwenye mtandao. Unakaa kwenye kompyuta, kidole kimoja juu ya herufi E, kingine juu ya I. Sura zinapita katikati ya kioo moja baada ya nyingine, zimekatwa zikabaki macho, pua na mdomo, zimechanganywa na maneno ya kupendeza na ya kuchukiza. Kila kinachotokea unakipanga haraka kwenye kundi lake kwa kubonyeza herufi. Katika awamu moja vijana na maneno mazuri wanatumia herufi ileile, wazee na maneno mabaya wanatumia nyingine. Baadaye wanabadilishwa. Ukikosea inatokea X nyekundu, huendi mbele mpaka urekebishe. Kompyuta inapima sehemu ndogo sana za sekunde: ni wapi ulikwenda haraka, wapi ulisita. Ukienda haraka, inachukuliwa kwamba vitu hivyo viwili vimekaa karibu akilini mwako.

Vijana walipokaa na maneno mazuri, vidole vyangu vilikwenda vyenyewe. Wazee walipokaa na maneno mazuri, nilianza kukosea. Kila sura yenye mikunjo ilinitaka nitulie kwanza nifikiri. Jibu likaja: upendeleo wa wastani kwa vijana. Katika majibu mengi yaliyokusanywa na tovuti hii na kuchapishwa mwaka 2002, upendeleo wa umri ulikuwa miongoni mwa ule mkubwa kuliko yote, na wazee wenyewe waliwaelemea vijana karibu sawa na walivyofanya vijana wenyewe. Hilo limenigusa kuliko jibu langu. Yule bibi anayemwachia mjukuu aseme huenda naye ameshakubali kwamba neno lake lina uzito mdogo.

Kuna utafiti mpya zaidi unaotokana na data hizohizo. Tessa Charlesworth na Banaji walichambua majibu zaidi ya milioni 7 ya watu wa Marekani, ya kuanzia 2007 hadi 2020. Upendeleo wa rangi ulipungua kwa kama robo. Ule dhidi ya mashoga ulishuka zaidi ya nusu. Wa umri haukusogea sana. Watu wamepaza sauti miaka mingi juu ya yale mengine, na wazee ni wachache waliowasemea. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2021 likisema mtu mmoja kati ya wawili duniani ana mtazamo wa kibaguzi dhidi ya wazee.

Kwa hiyo naipa huduma hii alama za juu. Ni bure, inachukua kama dakika kumi, na kabla hujaanza wanakuonya wazi kwamba unaweza kupewa jibu usilolipenda.

Kasoro zipo. Nilikifanya kwa Kiingereza, na kwa kipimo cha kasi hilo si dogo. Hesabu inalinganisha kasi yako ya awamu moja na kasi yako mwenyewe ya awamu nyingine, kwa hiyo uzito wa lugha hauharibu kila kitu, lakini mhudumu anayesita kwa sababu neno ni geni kwake atabaki na wasiwasi juu ya jibu lake, na ana haki. Sura nazo hazikufanana na za wazee ninaowaona mimi. Tena jibu si imara: mtu yuleyule akirudia siku nyingine anaweza kupanda au kushuka daraja. Msimamizi asithubutu kukitumia kuajiri au kumwadhibu mtu. Wenye tovuti nao hawakubali kitumike hivyo.

Wanaouza semina za "kuondoa upendeleo" kwa kutumia kipimo hiki nawaomba wasome kwanza. Calvin Lai na wenzake mwaka 2016 walijaribu mbinu 9 za kupunguza upendeleo wa rangi kwa watu zaidi ya 6,000. Zote zilifanya kazi papo hapo. Baada ya saa au siku chache, hakuna hata moja iliyobakiza athari. Uchambuzi wa Patrick Forscher na wenzake wa mwaka 2019, wa tafiti 492, ulionyesha kwamba hata alama za kipimo zikibadilishwa, matendo hayafuati.

Ndiyo maana kwetu hatukununua semina. Tumebadilisha utaratibu wa dirishani. Maswali yote anaulizwa mgonjwa, akitazamwa usoni. Msindikizaji anaulizwa pale tu mgonjwa anapoomba au anaposhindwa kusema. Kwenye fomu tumeweka nafasi ya kuandika nani alijibu, na hiyo nafasi ndogo inafanya kazi kubwa, maana mhudumu anapofika hapo inabidi akumbuke alikuwa anaongea na nani. Kiti kimesogezwa karibu na dirisha, asikiaye kwa shida asilazimike kupiga kelele mbele ya foleni nzima juu ya choo chake.

Kama unahudumia watu, iwe benki, ofisi ya serikali au duka la dawa, kifanye. Tumia kompyuta yenye kibodi, mahali patulivu, na uanze na umri. Jibu libaki lako. Ukimaliza, nenda kakae pembeni ya dirisha lako nusu saa, uangalie maswali yanaelekezwa kwa nani.